Fundi Asiyeingia Ndani

Kosa langu la kwanza katika ufundi wa madirisha ya aluminiamu lilikuwa kupima upana wa tundu sehemu moja tu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kwenye karakana moja ya mtaa wa Nguvumali, na nilipewa tundu la dirisha la choo cha karakana yenyewe kama jaribio. Nikapima chini, nikakata, nikaunga fremu, nikaenda kuiweka. Juu ikagoma. Unatakiwa kupima juu, katikati na chini, ufuate kipimo kidogo kuliko vyote, halafu upunguze tena kidogo kuacha nafasi ya silikoni, ile gundi laini inayoziba kati ya fremu na ukuta. Ufundi huu nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kufumua madirisha mabovu niliyookota, na katika video zote sikuwahi kuona ukuta uliopinda.

Mzee mwenye karakana aliitazama fremu yangu iliyokwama, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi wapi. Mimi nikiwa na wasiwasi husema kupita nilichoulizwa.

"Nilikuwa gerezani, Mzee. Mwaka mmoja na nusu. Niliiba nyaya za pampu ya maji kwenye shamba la mkonge kule Muheza."

"Hayo sijakuuliza," akasema. Akapitisha kidole kwenye pembe za fremu. "Lakini umeshasema. Pembe zako nzuri. Utakuwa mkataji. Kupima na kufunga ni kazi ya wanaoingia nyumba za watu."

"Sawa, Mzee."

"Na usinune. Kazi nimekupa."

Kwa ninyi mnaoanza sasa, mjue kwamba karakana nyingi ziligawa kazi hivyo. Mpimaji huenda kwa mteja na kurudi na vipimo. Mkataji hukata vyuma kwa msumeno wa meza, pembe za nyuzi arobaini na tano, akaviunga kwa riveti, zile pini za kubana bati, na kuvisha kioo mpira wake. Fremu ikishasimama unapima kona kwa kona, mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu haijaenda upande. Mimi nilifumua fremu nzima kwa tofauti ya milimita moja. Mzee akinikuta hivyo husema, "Elia, hilo ni dirisha la jikoni, si saa ya mkononi." Mwisho kabisa huja mfungaji, naye ndiye anayeliona dirisha likiwa ukutani. Mkataji halioni tena.

Mfungaji wetu alikuwa Sudi. Tuliajiriwa wiki ile ile, umri wetu ni mmoja, na kwa ufundi nilimzidi. Alisahau pimamaji kila siku ya Mungu, akakadiria usawa kwa jicho. Lakini alizaliwa Nguvumali. Akipiga hodi popote huulizwa, "Wewe wa nani?" Humtaja bibi yake, na hapo amekwisha kuwa mtoto wa nyumba. Wazazi wangu walikuja kufuata kazi ya mkonge kutoka mbali, na nikitaja jina la baba yangu mtu hubaki ananitazama akingoja niendelee.

Jioni Sudi alirudi na bajia za kunde alizopewa kwa wateja, akanigawia. Nilizila zote, na kila moja ilinikera. Mtaani watu waliyaita madirisha yale "madirisha ya Sudi". Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilikata pembe vibaya, kitu kisichonitokea.

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda hadi nyumba ya Bi Mwanaidi, mama mtu mzima ambaye Sudi alikuwa amemfungia madirisha wiki ile. Sitawadanganya kwamba nilikwenda kujivunia kazi yangu. Nilikwenda kutafuta kosa la Sudi. Nikasimama barabarani, kisha nikasogea dirishani, nikainama na kupitisha kidole kwenye silikoni. Ilikuwa imepinda kama nyoka, nami nikafurahi.

Ng'ambo palikuwa na wanaume wanakunywa kahawa.

"We kaka, umepoteza nini hapo?"

"Naangalia dirisha."

"Lina sinema?"

Wenzake wakacheka, lakini yeye alikuwa ameshainuka. "Wewe wa nani?"

Mimi nisiyeweza kunyamaza, siku hiyo mdomo ulikufa. Nikitaja karakana watapiga simu, na Mzee ataulizwa mfanyakazi wake ni mtu wa namna gani. Mmoja akanishika ukosi wa shati. Mwingine akasema wezi wa siku hizi huja kwanza kupapasa. Watoto walianza kukimbia kuja kuona. Nilijua jambo kama hilo huweza kuishia wapi, na nilijua pia kwamba hata nikitoka mzima, kazi imekwisha.

Bi Mwanaidi akatoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," nikiwa bado nimeshikwa.

"Marahaba. Huyu kafanya nini?"

"Apapasa dirisha lako."

"Basi mwiteni Sudi, ndiye aliyelifunga. Atajua kama lina kasoro."

Sudi alikaa uchochoro wa pili. Alikuja na kikoi, bado anatafuna. Aliponiona akasimama.

"Mwacheni huyo, ni mkataji wetu. Elia bwana, umekuja kunikagua Jumapili?"

Sikukana. Akawageukia wale wanaume. "Haya mnayoyaita madirisha ya Sudi, kayakata yeye. Mimi nayabeba tu."

Ukosi ukaachiwa. Ningepaswa kushukuru. Nilichohisi ni wivu mkali kuliko siku zote, kwamba neno moja la Sudi, mdomoni mna chakula, lilitosha kuniokoa, na maneno yangu yote yasingetosha.

"Kama ni yako ingia," Bi Mwanaidi akaniambia. "La chumbani lakwama, na Sudi huyu kila siku aniambia kesho."

Nikavua viatu, nikaingia, Sudi nyuma yangu. Reli ya chini, ile njia linamopita gurudumu la dirisha, ilikuwa imevutwa ikabonyea pale penye skrubu. Ndilo kosa nililokuja kulitafuta.

"Sudi amekaza skrubu kupita kiasi," nikasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Amepinda reli."

"Kweli," Sudi akasema. "Mkono wangu mzito."

"Tangu mdogo," akasema Bi Mwanaidi. "Vikombe vyangu wamaliza wewe."

Wakacheka wote, hata yule wa ukosi aliyekuwa akichungulia. Basi, aibu niliyomwandalia ikawa imekwisha. Nililegeza skrubu, nikaweka vipande vya plastiki chini ya reli, dirisha likateleza. Nikiwa kwenye kazi ile Bi Mwanaidi aliniuliza nilijifunza wapi utulivu namna hiyo. Nikamjibu kupita swali, kama kawaida yangu: nyaya, pampu, gereza. Sudi akaangalia chini. Hata yeye nilikuwa sijamwambia.

Bi Mwanaidi akaniuliza, "Mimi umeniibia nini?"

"Sijakuibia kitu, Bibi."

"Haya. Malizia na la sebuleni."

Alimpigia Mzee simu mwenyewe, kumwambia niruhusiwe kuingia nyumba za watu. Jumatatu Mzee akaniita mezani. "Utatoka na Sudi. Ikipotea hata sindano, sitauliza mara mbili." Nikatoka na Sudi kwa miaka, mikono mfukoni kila nilipopita karibu na kabati la mtu.

Baadaye tulichukuliwa sote na mkandarasi mmoja wa Muheza. Kazi yake kubwa ilikuwa nyumba za wageni kule Kigombe, na mwenye mradi alitaka kila fundi awe na cheti cha polisi cha alama za vidole, cha kuonyesha hajawahi kufungwa. Msimamizi aliniambia bila kuniangalia, "Wewe baki ukate." Nilikata madirisha yote ya pale. Sudi akanipigia simu ya video akiwa ndani. "Ona, Elia, bahari yote imeingia kwenye fremu yako." Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Wanaoandika mambo haya huwa wamestaafu. Mimi nina miaka thelathini na nne, na nilichostaafu ni meza ya kukatia ya watu wengine tu. Nina karakana yangu ndogo Muheza. Wateja wa kwanza aliniletea Sudi, na hilo nalo lilinikera. Kila mteja namwambia habari yangu nikiwa bado mlangoni, kabla sijafungua futi ya kupimia. Wako wanaosema watanipigia na hawapigi. Kazi za vyeti sizipati mpaka leo, na wasio na jambo kama langu nawaona wakipita kwenye mageti yale wakilalamikia jua.

Kilichobadilika ni hiki. Napima mwenyewe, nafunga mwenyewe, na mara nyingi mwenye nyumba huniacha chumbani akaenda kwenye shughuli zake. Sudi bado namwonea wivu, ila simtafutii tena makosa. Akinipigia simu, napokea.