Hedifoni za Kanze na Hodi ya Mavyaa

Kanze aliamka vizuri siku hiyo, lakini kufika saa nne alikuwa amekasirika, na kilichomkasirisha alikuwa amekivaa kichwani. Zilikuwa hedifoni za shilingi mia nane, alizozinunua kwenye meza ya barabarani karibu na stendi ya Kilifi. Muuzaji aliapa kwamba zitadumu mpaka azirithishe. Hazikumaliza miezi miwili. Ile ngozi ya bandia ilikuwa inababuka, na kila akizivua alibaki na vipande vyeusi mashavuni, kama mtu aliyetoka kupuliza jiko la makaa. Zilimbana masikio, zikaikandamiza na mikono ya miwani, mpaka kufika adhuhuri kichwa kizima kinagonga.

Hayo yote angeyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni besi, ule mdundo mzito. Zile hedifoni zilitengenezwa na mtu asiyejua kwamba binadamu huongea. Ngoma zilizijua, tena vizuri mno, lakini mzee wa Bamba akifungua kinywa aeleze habari za mahindi yake, sauti yake ilizama humo ndani ikapotea.

Na kazi ya Kanze ni kumsikiliza huyo mzee. Watafiti huenda vijijini wakawahoji watu kuhusu mashamba, mvua na mbegu, kisha sauti zile hutumwa kwake, kwenye kompyuta ndogo iliyo mezani katika chumba cha nyuma, huko Tezo. Huandika Kigiriama neno kwa neno jinsi kilivyosemwa, na chini yake Kiswahili. Kabla ya hapo alikuwa dobi wa hoteli moja kule Kikambala kwa miaka kumi na moja, akikunja mashuka ya wageni mpaka mgongo ukagoma. Daktari alimwambia achague, mashuka au mgongo. Kwa hiyo kazi hii ya kukaa na kusikiliza aliishika kwa mikono miwili, na hakuwa na nyingine.

Sasa, mahali pasiposikika mwandishi huandika "haisikiki", akaendelea. Si kosa, lakini lina kiasi chake. Asubuhi hiyo Hope, msimamizi wake, dada mmoja wa bara aliyezoea kusema mambo bila kuyapaka mafuta, alimpigia simu.

"Dada Kanze, hili faili la mzee wa Bamba lina haisikiki thelathini na nne. Nimezihesabu. Hayo si mahojiano tena."

"Ni hizi hedifoni, dada Hope."

"Basi tafuta zingine. Ofisi imesema likirudi jingine kama hili, kazi anapewa mwingine. Mimi nimekutetea mpaka nimechoka."

Keshoye Kanze akaenda Malindi. Safari hii hakutaka kuapiwa na mtu. Alikuwa na kipimo chake mwenyewe, alichokirekodi jana yake usiku wa saa mbili: sauti ya mumewe Kambi, fundi seremala, akieleza kazi za siku huku anatafuna muhogo na feni inazunguka juu yake. Kambi ni mtu wa kumung'unya maneno hata kinywa kikiwa kitupu. Hedifoni itakayomsikia Kambi na muhogo mdomoni, alisema Kanze, itamsikia mtu yeyote katika kaunti hii.

Duka la tatu lilikuwa la Njoroge. Kama wale wawili waliotangulia, naye alichomeka waya kwenye simu yake, akaweka wimbo uliotikisa kabati la vioo.

"Skia hiyo besi, mama! Hii ni orijino kabisa."

"Sitaki besi. Nataka kumsikia mume wangu."

Njoroge akatazama pembeni kwa heshima. Ilibidi aelezwe upya, na alipoelewa alionekana kusikitika kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani kwake kutafuta hedifoni za kusikilizia mazungumzo. Akatoa zisizo na waya, akazisifu sana. Kanze akazijaribu na kuzirudisha. Kazi yake ni kurudisha sauti nyuma sekunde mbili tatu, mara mia kwa saa, na zile zilikuwa zinafikiri kwanza kabla ya kutii. Isitoshe zinataka chaji, na umeme wa Tezo hauna adabu. Akatoa za mito minene ya ngozi. Joto la Malindi likamwonyesha Kanze matokeo yake pale pale, jasho likamtiririka shingoni. Hatimaye zikatoka nyingine, pana, zimefunika sikio lote bila kuligusa, mito yake ya kitambaa, waya mrefu. Kanze akaweka sauti ya Kambi. Akasikia kila kitu, muhogo upande mmoja na maneno upande mwingine, na hata pale Kambi alipoteta kwa chini kwamba chai imepoa. Hilo usiku ule hakulisikia, nalo akaliweka moyoni.

Hakulipa papo hapo. Alizivaa nusu saa nzima, akatembea nazo dukani, akainama, akatikisa kichwa, akavua miwani akavaa tena.

"Mama," Njoroge akauliza, "unanunua ama unahamia?"

Alinunua, kwa elfu nne na mia tano baada ya kubishana, na wiki mbili zilizofuata Kanze alikuwa mtu wa raha. Zile hedifoni zilifunga dunia nje. Mashine ya unga ya jirani ilinyamaza, mbuzi wakanyamaza, na alibaki yeye na wazee wake tu. Faili la kwanza lilikwenda na haisikiki tatu. Hope alimtumia alama ya kidole gumba kwenye simu.

Raha hiyo ilikatizwa na wifi yake, Kavumbi.

"Kanze, hivi wewe umetuona sisi ni watu gani?" Simu ilianza hivyo, bila salamu. "Mama amesimama mlangoni kwako na kikapu cha mihogo, juani, akapiga hodi mara tatu. Na wewe uko ndani, alipopita nyuma ya nyumba alikuona dirishani unachezesha vidole! Amerudi na mihogo yake."

"Sikumsikia, wifi. Nilikuwa kazini, nimevaa—"

"Si mara ya kwanza. Tangu mwaka jana mama anasema ukiitikia unaitikia tumboni."

Mama huyo ni Sidi, mavyaa wake Kanze, mama mzazi wa Kambi, anayekaa mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Bibi huyu hafungui mlango wa mwanawe wa kiume mwenyewe. Hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anageuka, na akigeuka ukoo mzima umepata habari kabla jua halijatua. Ndivyo alivyolelewa, na Kanze pia ndivyo alivyolelewa. Mtu akiacha hodi ya mavyaa ianguke chini mara tatu amesema kitu, hata kama mdomo wake haukufunguka.

Jumapili watu wa ukoo walikaa kikao kwa mavyaa. Kanze hakuitwa. Kambi alirudi akavua viatu polepole, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa viatu.

"Wamesema mara nyingine mama akirudishwa mlangoni, hiyo kompyuta ifungwe. Kazi isiyokuruhusu kuitikia wakubwa si kazi, wamesema. Urudi hotelini."

"Kwa mgongo upi?"

"Hilo sikuulizwa."

"Na mama hawezi kugonga dirisha? Si ananiona?"

Kambi alishtuka kikweli. "Mama agonge dirisha la mwanawe kama mwizi?"

Kanze alikaa na hasira mpaka asubuhi. Huku wanamtaka asikie kila pumzi ya mzee wa Bamba, kule wanamtaka asikie hodi ya mlango wa mbele akiwa chumba cha nyuma, na wote wamemwekea kisu shingoni. Akizivaa hedifoni anafukuzwa na ukoo, asipozivaa anafukuzwa na ofisi. Alitamani kuwauliza hawa wote kama wanadhani ana masikio manne.

Akarudi Malindi. Njoroge alipomwona anaingia na lile boksi aliinua mikono.

"Nataka zinazosikia ndani na nje," Kanze alisema. "Zote mbili kwa pamoja."

Kumbe zipo. Njoroge alizitoa rafu ya chini kabisa, akazipuliza vumbi. Nyuma ya kila sikio hazikuzibwa, zilikuwa na wavu tu, sauti inaingia na kutoka. "Lakini nakuambia ukweli mama, hizi zinavuja. Hakuna mtu anazitaka. Zimekaa mwaka."

"Nenda nje upige hodi."

"Nini?"

"Toka nje, simama pale kwenye ngazi, upige hodi kama mtu aliyelelewa vizuri."

Njoroge alimtazama, akatazama zile hedifoni zilizokaa mwaka, akatoka. Kanze akamweka Kambi na muhogo wake masikioni. "Hodi!" ikaja kutoka nje, ya aibu, na mwenye duka la vitambaa la upande wa pili akaitikia karibu. Ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Kanze aliisikia hodi, akamsikia na Kambi, kila mmoja mahali pake. Tena zilikuwa nyepesi, na hewa ilipita, sikio halikutoa jasho. Akarudisha zile za kwenye boksi, akaongeza elfu moja juu yake, akaenda zake. Njiani akajisemea kwamba leo mtu akimletea habari za kutoitikia atamkuta.

Bila shaka mashine ya unga ilirudi ndani na mbuzi wakarudi, kwa hiyo alihamishia kazi ngumu alasiri, mashine inapozimwa. Haisikiki zikawa saba kwa faili. Hope alinung'unika, akazipokea.

Jumanne, saa tisa, Kanze alikuwa katikati ya mama mmoja wa Ganze aliposikia "Hodi!" Akasimamisha sauti, akaitikia kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi: "Karibu mama! Karibu ndani!"

Ikaja tena, "Hodi!"

"Karibu mama! Mlango uko wazi!"

"Hodi!" Ya tatu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka.

"Karibuuu!" Kanze alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Akang'oa hedifoni, akapita sebuleni nusura aanguke, akafika mlangoni na kuukuta mgongo wa mavyaa unakwenda zake na kikapu. Hapo damu ilimchemka. Elfu tano na mia tano, safari mbili za Malindi, kichwa kikimgonga miezi miwili, na bado huyu bibi ameamua tu! Hataki kusikia! Amekuja kuifunga kompyuta, basi.

Akamfuata mpaka uani, hatua mbili nyuma yake, akaitoa sauti yake yote: "Karibu, mama!"

Mwenye mashine ya unga aligeuka. Kuku waligeuka. Mavyaa hakugeuka.

Kanze akasimama. Akasema tena, si kwa hasira sasa, "Mama?" Bibi aliendelea kutembea, anaweka sawa majani juu ya mihogo yake. Kanze akamgusa bega, naye akaruka.

"Aa! Kumbe upo? Leo umeamua kutoka?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mavyaa mara moja, macho yake yakiwa kwenye midomo ya Kanze.

Kanze akavuta ncha ya leso, akajifunika mdomo kama anayejifuta, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, umekula?"

Bibi alingoja. Alingoja kidogo, akakunja uso. "Unaniambia nini? Toa leso mdomoni. Huo nao si utovu wa adabu?"

Hasira ya Kanze ilimtoka yote kwa mara moja, na kilichobaki kilikuwa aibu. Yeye ambaye hula kwa kusikiliza, anayeweza kukuambia mzee wa Bamba amevuta ugoro kabla ya kusema au baada, mwaka mzima alisikia hodi ya mavyaa na hakuwahi kujiuliza kwa nini huwa kubwa namna ile. Wala Kambi, wala Kavumbi na kikao chake. Bibi huongea yeye siku zote, na anayeongea yeye haulizwi kama anasikia.

Akamshika mkono, akamwingiza mpaka chumba cha nyuma, akamkalisha kwenye kiti chake. Kwenye droo mlikuwa na kinasa sauti kidogo alichopewa na ofisi, ambacho ukikichomekea hedifoni unasikia kinachosemwa papo hapo. Akachomeka, akapandisha sauti mpaka mwisho, akateremsha kitambaa cha kichwani cha mavyaa na kumvika hedifoni. Bibi alishika kiti kwa mikono miwili. Akatazama kikapu chake, akakisukuma kwa mguu, akasikia majani. Akakisukuma tena.

Kanze akaleta kinasa sauti mdomoni, akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Karibu, mama," alisema polepole. "Karibu ndani."

Mavyaa akamtazama. Machozi yalimlenga, na midomo ikaanza kumcheza kwa ule uchungu wake wa kila siku.

"Sasa sauti nzuri hivi, mwanangu," akasema, "siku zote hizi ulikuwa ukininyima kwa nini?"