Dole Gumba la Dada

Mjomba alilisema mbele ya ukoo mzima, amekalia kiti pekee chenye mgongo pale uani: "Mwehu hana shamba. Shamba ni la watu wenye akili zao."

Nikasimama. Kwetu Newala mjomba ndiye mwenye neno, na mwanamke akishamwamkia anakaa mkekani asikilize. Mimi shikamoo nilikuwa nimempa na marahaba yake nimeipokea, kwa hiyo adabu nilishamaliza. Nikamwambia, "Mjomba, lile shamba aliliacha mama yetu, na dada yangu hajafa." Watu wakashika vinywa.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi. Eti dada alishamkabidhi shamba tangu mwaka jana, na dole gumba lake lile pale chini, la zambarau. Dada alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliitazama karatasi, akaninong'oneza, "Sikumbuki."

Shamba lenyewe liko Mnyambe. Mama alipofariki alilishika dada, kwa kuwa kwetu ardhi inafuata upande wa mama, na mimi nilikuwa nimeolewa Masasi, nina cherehani yangu sokoni, sikulitamani. Dada ndiye anayepalilia, ndiye anayetoka alfajiri, upepo haujaamka, kwenda kuipulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ukungu, uso kaufunga kitambaa. Yeye na wanawe wawili wanakula hapo. Akinyang'anywa hapo hana pengine.

Sitampamba. Mwaka jana dada alikuwa anaumwa, tena vibaya. Mara ya kwanza alikaa siku tano hajalala, anaongea mpaka sauti imekauka, sufuria zake zote kazigawa kwa wapita njia, anasema yeye kapewa funguo za mvua. Baadaye ikaja miezi ya kujifunika khanga gubigubi, hasemi, haogi. Majirani walikuwa na majibu hata kabla hatujauliza: kapandwa na majini, karogwa, kavunja mwiko. Waliozoea kumwita dada mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, wakaacha, akawa "yule mwehu". Hilo liliniuma kuliko yote. Lakini na mimi nisijisafishe. Siku tuliyompeleka kwa mganga alifungwa kamba, na ncha moja ya ile kamba niliishika mimi. Alikaa kule wiki mbili, akarudi na makovu kwenye vifundo vya mikono na ugonjwa wake uleule.

Hospitali tulikwenda mwisho, wakati ilitakiwa iwe mwanzo. Tulipokewa na muuguzi wa afya ya akili, mwanamama mfupi asiyetaka mzaha. Akaagiza kwanza wampime malaria, sukari na damu, maana alisema homa nayo inaweza kumfanya mtu aongee ovyo. Majibu yakarudi hayana kitu. Nikamuuliza, "Sasa kipimo cha wazimu kiko wapi?"

"Hakuna mashine ya hiki, mama. Kipimo chake ni maswali na muda."

Na aliuliza jamani! Hakulala siku ngapi, huzuni ilidumu wiki ngapi, katika ukoo nani mwingine aliwahi kuwa hivi, anakunywa pombe, ameshajaribu kujidhuru? Akamuuliza dada mwenyewe kwanza, mimi baadaye. Hiyo peke yake ilinishangaza, maana ilikuwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza dada chochote. Mwisho akatueleza kwamba ni ugonjwa wa hisia, zinapanda mno kisha zinashuka mno, na kati ya vipindi hivyo mtu anakuwa yeye mwenyewe kabisa. Ugonjwa unaweza kurudi. Dawa asiache.

"Kwa hiyo ndiyo mwehu?" nikauliza, mjinga mimi.

"Neno hilo kwenye vitabu vyangu halimo."

Dawa zilimrudisha taratibu. Kwanza usingizi, kisha utani. Siku moja ananipa maji ya kunywa akasema, "Shika vizuri, wewe si bingwa wa kushika kamba?" Nililia, yeye akacheka.

Ndipo mjomba alipokuja na karatasi yake, na haikuishia pale uani. Akafunga safari hadi hospitali kuomba apewe cheti cha wazimu cha dada, aione serikali. Muuguzi alinisimulia baadaye, bado amekasirika. Alimjibu kwamba habari za mgonjwa hazitolewi kwa kila anayepiga hodi, na tena, "Sisi tunatibu watu, mzee, hatugawi mashamba."

Mimi nikarudi Masasi nikamtafuta msaidizi wa kisheria, kijana mpole aliyekuwa na ofisi karibu na sokoni. Nilidhani ataniuliza jina la ugonjwa. Wala. Aliniambia sheria inaulizia siku ile na jambo lile: alipoweka dole, alielewa anachofanya? Kama akili haikuwa pale, karatasi hiyo haina nguvu. Na ukoo hauna mamlaka ya kukaa mkekani ukamvua mtu mali yake kwa sababu ya ugonjwa. Hiyo ni kazi ya mahakama, baada ya kumsikia daktari, na hata mahakama ikiteua mtu, anateuliwa kumtunzia mgonjwa, si kujilia. Nilimwomba arudie mara tatu nikariri.

Tukakutana baraza la kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Mjomba akaanza. Huyu mwehu tangu zamani, kila mtu anajua, hajui hata analofanya. Kisha akainua karatasi.

Nikaomba kusema. "Mjomba, siku aliyokukabidhi shamba, alikuwa mwehu au mzima?"

Akaigonga karatasi kwa kidole. "Siku ile alikuwa mzima."

"Loo! Siku ya kukupa shamba ni mzima, siku ya kulilima ni mwehu? Chagua moja tukae nayo. Na kama alikuwa mzima, kwa nini dole gumba? Dada yangu kamaliza darasa la saba Lulindi, barua za mama zote aliandika yeye. Ulimshika mkono wewe, kwa sababu kalamu hakuweza kuishika!"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akaniinamia, dada yupo pale pale, akaniuliza, "Anaweza kujibu maswali?"

"Niulize mimi," dada akasema. "Masikio ninayo."

Akaulizwa siku, akaitaja. Akaulizwa mwezi, akautaja. Akaulizwa mikorosho yake ni mingapi.

"Tisini na mitatu. Ilikuwa tisini na sita. Miwili ilikufa kwa mnyauko. Mmoja mjomba aliukata akachoma mkaa, mimi nikiwa nimefungwa kwa mganga." Akamwelekezea mjomba kidevu. "Na yeye muulizeni."

Mwenyekiti akamgeukia.

"Ni mingi," mjomba akasema.

"Mingapi?"

"Mingi tu, mheshimiwa."

Mimi mwenyewe, mzima wa vyeti vyote, nilikuwa sijui. Nilitazama chini.

Lakini mwenyekiti hakuwa amemaliza. "Na ukiumwa tena, mama?"

"Nitatibiwa. Wewe ukishikwa na malaria unagawa shamba?"

Baraza zima likaangua kicheko, hata mwenyekiti. Mjomba hakucheka. Aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hataki ugomvi na watoto wa dada yake, shamba libaki kwa mwenyewe. Katibu akaandika makubaliano hayo, akayasoma kwa sauti, mjomba akasaini amesimama.

Ikafika zamu ya dada. Katibu, bila kufikiri, akafungua kikopo cha wino wa zambarau akamsogezea, akaunyoosha na mkono wake kumshika kidole. Dada akavuta mkono wake akauficha ndani ya khanga. Makovu ya kamba niliyaona yakipita.

"Kaka yangu," akasema, "nipe kalamu."