Kukisogeza Kidani

Sokoni walimwita Haipungui, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kabla mteja hajamaliza kuuliza bei. Aliuza saa, mikanda, miwani ya jua, vibanio vya nywele na kitu chochote ambacho mwenye duka la jumla ameshindwa kukiuza mwenyewe. Kibanda chake kilikuwa chembamba, na alikuwa amekipanga kwa makusudi ili mteja akishaingia asiweze kugeuka bila kugusa kitu. Akishagusa, mazungumzo yameanza. Kwa kibanda hicho alisomesha watoto, akaezeka nyumba, akamuuguza mume mpaka akamzika. Siku ya mazishi alifungua jioni.

Vidani vililetwa na yule wa jumla kwenye katoni isiyo na maandishi. Vilikuwa vyeusi, vya duara, vikubwa kama kifuniko cha chupa, na kila kimoja kina kamba yake.

"Jiwe la volkano hilo," alisema mwenye duka. "Lina nishati. Linaondoa uchovu, linaondoa mgongo, presha, mawazo."

"Mawazo ya nani?"

"Ya anayevaa."

"Na ya anayeuza?"

Mwenye duka alicheka, na kwa kicheko hicho Haipungui akapata punguzo.

Hakuviamini wala hakuvivaa. Kuamini bidhaa aliona ni kazi ya mnunuzi. Lakini alijua namna ya kuviuza. Alimwambia mteja asimame kwa mguu mmoja na kunyoosha mkono pembeni, kisha akaukandamiza mkono ule kwa kuuvutia nje kidogo. Mteja akayumba. Akamvika kidani, akaukandamiza tena, safari hii akiusukumia mwilini. Mteja akasimama kama nguzo ya umeme.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona, mama! Nipe viwili!"

Mteja pekee aliyekichukua bila kukandamizwa mkono alikuwa mdogo wake, fundi cherehani, aliyekuwa na chumba cha kushonea mbele na cha kulala nyuma, mtaa wa pili kutoka sokoni. Mumewe aliendesha lori na alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Mimba zake zilizotangulia zilikuwa zimetoka zote. Alipopata nyingine alikuja kibandani, akachagua kidani, akataka kulipa.

"Chukua tu, mdogo wangu."

"Nichukue bure halafu unitangaze sokoni? Pokea hela yako."

Haipungui akapokea. Fundi alikivaa kwa kamba ndefu, chini ya nguo, jiwe likikaa juu ya kitovu, usiku na mchana. Na mimba hiyo ikakaa.

Tumbo lilikuwa limeshaanza kusukuma meza ya cherehani pale mkaguzi alipofika sokoni. Alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vya kazi na kimashine cha rangi ya njano mkononi, na kabla hajafika kibanda cha tatu watu walishamwita Binti wa Kipimo. Katoni kama ile zilikuwa zimekamatwa bandarini, naye alitumwa kufuatilia zilizotangulia kupita. Alikipitisha kimashine juu ya saa, kikatoa mlio mmoja mmoja kwa uvivu. Juu ya mikanda, vilevile. Juu ya vidani kikaanza kulia kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango.

"Kinasemaje?" Haipungui aliuliza.

"Humu ndani kuna unga wa madini yenye thoriamu, mama. Inatoa mionzi."

"Inaua?"

"Haitamuua mtu leo wala kesho. Ila anayeigandisha kwenye ngozi mchana na usiku, mwaka mzima, anapokea mionzi isiyomsaidia chochote, na inaweza kumwongezea hatari ya saratani baadaye. Ikivunjika, akivuta vumbi lake au akilimeza, ni mbaya zaidi, maana sasa iko ndani. Na mjamzito asiiguse kabisa. Mtoto tumboni anakua haraka, huyo hatumjaribii kitu."

Haipungui aliitazama katoni, kisha akajaribu alichokijua. "Haiwezi kuzimwa? Tukaichemsha, tukaiacha ipoe?"

"Thoriamu inachukua miaka bilioni kumi na nne kupungua nusu."

"Nusu tu?"

"Nusu tu, mama."

Kwa mara ya kwanza Haipungui alikutana na muuzaji mgumu kumzidi yeye. Akaisogeza katoni mbele.

"Chukua. Na ukikaa mbali nayo?"

"Ukikaa mbali, unapona. Mkono mmoja tu kutoka mwilini, inashuka sana. Mita moja, kipimo hakitofautishi tena na hewa hii tunayovuta."

Jibu hilo Haipungui alilihifadhi.

Jioni ile ile alikwenda kwa mdogo wake, akamweleza kila kitu kama alivyoelezwa, bila kuongeza wala kupunguza. Lilikuwa kosa. Maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu jambo kwa bei yake halisi tangu mwanzo, na mdogo wake alikuwa anajua.

"Dada, kimepanda bei, eti?"

"Hakijapanda! Nakwambia kina sumu!"

"Mama muuza mkaa kaja hapa mchana. Anasema serikali inavikusanya. Serikali haikusanyi takataka. Takataka zimejaa pale njia panda mwaka wa ngapi huu, na nani kazikusanya?"

"Huyo mama muuza mkaa anajua nini?"

"Anajua kwamba kile cha kwake amekificha kwenye gunia." Fundi alishusha mguu kwenye pedali, akashona mstari mrefu, akakata uzi. "Zile mimba nyingine sikuvaa kitu, dada. Zikatoka. Hii nimevaa, imekaa. Wewe ungekivua?"

Ilikuwa hoja nzuri. Angekuwa Haipungui ndiye muuzaji, angeitumia.

Kesho yake Binti wa Kipimo alipita mitaani na kipaza sauti, akiwaomba wenye vidani wavirudishe kituo cha afya. Hakikurudi hata kimoja. Kufikia mchana, kidani ambacho Haipungui alikuwa akikiuza kwa bei ya mkanda kilikuwa kinauzwa nyuma ya soko kwa bei ya viatu.

Ndipo alipoacha kueleza, akaanza biashara.

Alirudi kwa mdogo wake asubuhi, akavuta kigoda. "Sawa. Usikivue. Kivae juu ya gauni tu, kisiguse ngozi."

Fundi alimtazama kwa shaka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuomba. Unataka nini?"

Swali hilo mdogo mtu alikuwa amelisubiri tangu utotoni. "Uache kuwahesabia watu mimba zangu zilizotoka. Nimechoka kuonewa huruma na watu nisiowashonea."

"Nimekubali."

Kidani kikatoka juu ya gauni. Siku chache baadaye Haipungui alirudi na kutaka kitoke mwilini, kitundikwe kwenye mguu wa kitanda. Fundi akasema mguu wa kitanda ni mbali. Wakavutana mpaka wakafika kwenye meza ya cherehani. Haipungui akaipima kwa macho: mkono mmoja kasoro. Akasema basi upande wa pili wa meza, karibu na pasi. Fundi akasema karibu na pasi kitapata joto, nishati itakimbia. Haipungui akajibu kwamba nishati hiyo haikimbii, ameulizia. Mwisho wakakubaliana kwenye msumari wa ukutani, juu ya utepe wa kupimia, na malipo yakawa blanketi la mama yao, ambalo Haipungui alilichukua siku ya kugawana vyombo akidai kwamba ndiye mkubwa.

Blanketi lilikuja likiwa limefuliwa. Fundi alilinusa, akakitundika kidani.

"Umenishinda?" aliuliza.

"Bado," alisema Haipungui, akiwa anautazama ule ukuta. Upande wa pili alilala dereva mstaafu mwenye kikohozi. Alikwenda kumuuliza Binti wa Kipimo kama ukuta wa tofali unatosha, akaambiwa unatosha na kubaki, na kwa umbali ule kidani hakimdhuru mtu yeyote. Akauliza kama basi kibaki hapo hapo.

"Hapana, mama. Siku mgongo ukimuuma atakivaa tena. Na mtoto akianza kutambaa atakitia mdomoni. Kitoke ndani ya nyumba."

"Hilo nilikuwa nalifikia."

"Na wale wengine uliowauzia?"

"Wale nao nawafikia."

Alikuwa anawafikia kweli. Alipita kwa wateja wake mmoja mmoja, na hakumwambia mtu neno sumu. Alishusha sauti na kusema tu kwamba kile kidani ni bora zaidi kikiwa mbali na mwili, nje kabisa, na bora kuliko yote kikikabidhiwa kituo cha afya, ambako watu wenye vipimo wanakitunza kwenye sanduku zito. Mama muuza mkaa alikitoa pamoja na gunia zima. Binti wa Kipimo alipogundua kwa nini vinamiminika alikuja kibandani amekunja uso.

"Unawadanganya watu, mama."

"Nimesema ni bora zaidi kikiwa mbali. Nimedanganya wapi?"

"Unasema kama kinasaidia."

"Kikiwa kwako kinasaidia. Wewe nenda ukawaeleze ukweli wote, ukimaliza mimi nitakusanya." Lakini kesho yake alianza kuongeza sentensi moja kwa kila mteja: kwamba yeye mwenyewe haruhusu kivaliwe na mtu wake. Sentensi hiyo ilifanya kazi kuliko kipaza sauti.

Kilibaki kimoja, kwenye msumari. Alipokwenda kukifuata, mdogo wake alikuwa ameketi na miguu ndani ya beseni, imevimba, na vazi la mteja limelala mapajani halijashonwa. Kidani kilikuwa kimerudi shingoni.

Haipungui hakugomba. Alivuta kigoda. "Tulikubaliana ukutani."

"Usiku mtoto alinyamaza. Nikaogopa, nikakivaa, akacheza."

"Ulikunywa nini?"

"Chai."

"Chai ndiyo imemchezesha. Na akinyamaza tena usivae kitu, nenda kituo." Akanyoosha mkono. "Hii ni mara ya mwisho. Kitoke humu, niende nacho. Taja bei yako."

Haipungui alijiandaa: pasi mpya, kodi ya chumba, hata kibanda angekitoa nusu, na alishapanga kuanzia wapi na kuishia wapi.

"Ufunge kibanda," mdogo mtu alisema. "Uje ukae hapa na mimi mpaka nijifungue. Kila siku. Ninachokiogopa si kidani, dada. Naogopa nikiwa peke yangu humu ndani mtoto akinyamaza."

"Kila siku ya soko?"

"Kila siku."

Haipungui alifungua mdomo, na kwa mazoea neno la kuvutana bei likaja mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Sawa."

"Hupunguzi?"

"Nimesema sawa. Lete hicho kitu."

"Na nina la pili. Wateja wangu wakija, usiingilie bei."

Hilo alilitafakari muda mrefu zaidi kuliko la kwanza. Kisha akanyoosha mkono tena, na kidani kikawekwa kiganjani. Alikifunga ndani ya kopo la rangi, akalibeba kwa mkono ulionyooka mpaka kituo cha afya, watu wakimpisha njiani.

Alifunga kibanda kesho yake. Jirani wa viatu alidhani amefiwa, akakumbuka kwamba akifiwa hufungua, akaja mwenyewe kuhakikisha kwamba yu hai. Alimkuta kwenye kigoda kando ya cherehani, akifumua nyuzi kwa wembe.

Binti wa Kipimo naye alipita, akakipitisha kimashine chumba kizima, na fundi akamwomba akiweke karibu na tumbo. Kililia mara moja, kikakaa, kikalia tena.

"Bado ipo!"

"Hiyo ni ya ardhi na anga, dada. Iko kila mahali. Hiyo tumezaliwa nayo."

Mchana akaja mwanamke mwenye sketi ya kupunguzwa kiuno. Aliuliza bei, akaambiwa, akasema mbona ghali. Fundi akashusha nusu nzima palepale, hata bila kuombwa mara ya pili.

Haipungui aliinamisha kichwa juu ya nyuzi. Mdogo wake alikuwa anamtazama, mkono mmoja juu ya tumbo, akisubiri. Mteja naye, kwa kuwa alimfahamu, akasubiri.

"Kaa, mama," Haipungui alimwambia mteja, akimsogezea benchi. "Atakushonea vizuri."