Msuli wa Nyuma ya Paja

Saa kumi na dakika ishirini jioni, kwenye uwanja wa vumbi wa Mwananyamala, kaka yangu alikuwa akiukimbiza mpira aliposimama ghafla na kushika nyuma ya paja. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo na winga wa timu ya kiwanda hicho. Meneja alikwishaahidi kumwajiri kwa kudumu iwapo angebaki kwenye timu hadi mashindano ya viwanda yaishe.

Mkandaji mmoja wa mtaani alimkanda kwa nguvu. Kesho yake hakuweza hata kuchuchumaa. Kocha, mwanajeshi mstaafu, akasema huo ni ulegevu tu: aongezewe kichurachura, kule kuruka kama chura akiwa amechuchumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Wakati huo nilikuwa nikisoma elimu ya watu wazima na kuazima vitabu maktaba. Kimoja kilieleza mwili. Nilikaa kitandani, kiganja kimoja juu ya paja na kingine chini yake, nikalikunja goti na kulinyoosha. Msuli wa mbele ulipokaza, wa nyuma ulilegea; nilipokunja, zamu ikageuka. Msuli hauwezi kusukuma, huvuta tu. Ndiyo maana una mwenzake wa kuurudisha. Mkimbiaji anaporusha mguu mbele, msuli wa nyuma hulazimika kuuzuia kabla unyayo haujagusa chini. Nikaona kwamba kichurachura alichopigishwa na kocha tangu masika kilikuwa kimemjenga kaka zaidi upande wa mbele, msuli wa nyuma ukashindwa kuuzuia mguu.

Jumamosi nilimfuata kocha uwanjani. Nilimwamkia, nikamweleza, kisha nikamwomba alale kifudifudi, akunje goti, nami nikishike kisigino chake na kukivuta chini, naye akizuie kisishuke. Wachezaji wakasogea.

"Mguu huu umevuka mito, dogo. Vuta."

Nikavuta. Kisigino kilishuka taratibu, kisha paja likakakamaa, kocha akaanza kulisugua. Mchezaji mmoja akauliza kama afande naye aongezewe kichurachura. Kocha mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Mwambie kaka yako apumzike," akaniambia. "Nafasi yake haiguswi na mtu."

Toka hapo timu ilifanya zoezi lile wawili wawili. Kaka alirudi wiki ya nne, mwanzoni akikimbia kwa hofu, akamaliza mashindano na kuajiriwa. Hasara yetu yote, ujira wa siku alizolala nyumbani pamoja na malipo ya mkandaji, ilikuwa shilingi mia moja na nane kwa fedha ya wakati huo.