Ngitili ya Kambarage

Asteria, sisi tunamwita Mama Adam, ni mchora ramani, na kwa ubishi hana mwenzake Shinyanga nzima. Mzee Maige alimtaka amchoree maghorofa manne ya kupangisha katika kiwanja chake cha Kambarage, yabanane kama meno. Mama Adam akayasogeza pembeni yote manne, akaacha uwanja wa majani katikati, milango na vibaraza vyote vikiutazama. Alisema watu wa ghorofani wasipokuwa na mahali pa kukaa pamoja, watasalimiana kwenye ngazi mpaka wazikane. Mzee akakubali shingo upande: uwanja ukikaa mwaka mzima bila watu, anajenga fremu za maduka.

Tukahamia. Mvua zikanyesha, majani yakafika magotini, mazuri ajabu, na minyaa ambayo Mama Adam aliipanda kuzunguka uwanja ikashonana. Hakuna aliyekanyaga. Watoto walichezea kwenye ngazi, na mimi, bila aibu, nilimfokea mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake humo. Mama Adam alipita kila Jumapili baada ya misa, akakuta uwanja mtupu, akaja kukaa kwangu amenyong'onyea. Nampenda sana yule mwanamke, iliniuma.

Mwezi wa saba Mzee Maige akaja na fundi na kamba ya kupimia. Mama Adam alikuwa kwangu, akawaona kutoka kibarazani. Machozi yakamlengalenga.

"Mama Violeth, mnachukia nini kwenye uwanja wangu?"

"Nani auchukie? Tunautunza. Si ngitili? Haijafunguliwa bado."

Akanikodolea macho. Kwetu Usukumani, majani yaliyozungushiwa minyaa hufungwa mvua zote ili mifugo ipate malisho kiangazi, na haingii mtu mpaka mwenyewe afungue. Yeye ni Msumbwa wa Runzewe. Minyaa aliipanda kwa kuwa haihitaji kumwagiliwa. Hakuuliza, nasi hatukusema. Nilicheka, kisha nikajisikia vibaya.

Akashuka ngazi mbio, mimi nyuma yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, ng'wanone. Mwaka umekwisha."

"Umekwisha, baba. Lakini wapangaji wako wanasema hii ni ngitili, na hujaifungua."

 Mzee ana ng'ombe mpaka leo, kijijini. Akayaangalia majani yaliyoanza kukauka ncha, akawaangalia wapangaji waliojaa vibarazani.

"Kweli sijaifungua," akasema taratibu. "Na ngitili huanza kuingia walio dhaifu. Ndama, na asiyeweza kwenda mbali. Hapa kwenu ni nani?"

Tulijibu kwa pamoja: Bibi Febronia wa ghorofa ya tatu. Tangu ahamie hajakanyaga chini, miguu haimbebi. Wanaume wawili wakamshusha na kiti chake. Mzee akachukua panga, akaikata minyaa kwa mkono wake mwenyewe mpaka njia ikapatikana, akawatangulia. Bibi akavua kandambili, akashusha nyayo polepole kwenye majani.

"Wabeja," akashukuru, akafumba macho.

Watoto wakamwagika humo wakipiga mayowe, mama zao wakafuata na mikeka. Mama Adam alisimama kando akilia waziwazi, wala hakujifuta.

Fundi, kamba mkononi, akamsogelea Mzee kuuliza aanzie kona ipi kupima.

"Upime nini?" Mzee akafoka. "Huoni kuna watu?"