Nilivyomfokea Maman Véro Mlangoni mwa Choo

Bon, niwaambie aibu yangu, mnicheke. Nafua nguo katika nyumba ya wazee hapa Jette, huku ughaibuni, na mtoto wangu ana miezi mitano. Kila mchana nilijifungia chooni nikikamua maziwa ya mtoto kwa pompe ya matiti, nikiamini patron, bosi wetu, akijua atanifukuza. Karatasi za kazi nilisaini bila kusoma hata mstari.

Maman Véro, mama wa Lubumbashi anayetetea wafanyakazi hapo kazini, akaanza kunigongea mlango kila siku. Nikasema huyu ni mpelelezi wa patron. Juzi nikachoka, nikafungua kwa hasira, chupa mkononi.

"Maman, unanifuata kama polisi? Enda basi, umwambie patron!"

Hakupandisha hata sauti. Yule mama ana sheria zote kichwani, jamani, namvulia kofia!

"Mutoto wangu, pompe yako inasikika mpaka jikoni. Unajificha juu ya nini? Sheria inakupa nusu saa ya kukamua, na inalipwa. Nimekuombea chumba. Patron amekubali."

"Patron gani, huyo mwizi?" nikapiga kelele, na neno mwizi nikalitamka kwa Kifaransa safi, lugha ya patron.

Ndipo nikamwona patron mwenyewe nyuma ya Maman Véro, amenibebea kiti cha hicho chumba, na mimi blauzi wazi.