Nilichekesha Voi kwa Siri ya Baba Mkwe

Kosa ni langu, na naomba mtu asinitetee. Wanaonitetea ni wachekeshaji wenzangu, na hao ndio wabaya zaidi.

Mimi ni mchekeshaji hapa Voi. Sio wale wa televisheni, la! Ni wa harusi, harambee na ile mikahawa inayotuwekea maiki Jumamosi jioni watu wakila nyama. Kwetu, umati ukivunjika mbavu tunasema umeua. Ukinyamaziwa hadi usikie uma ukigonga sahani, umekufa. Nimekufa mara nyingi. Kuna siku Mwatate nilikufa mpaka mpishi akatoka jikoni kunipa pole.

Tuna sheria moja ambayo hata mlevi wetu anaiheshimu: kichekesho cha mwenzako hakiguswi. Ukikitaka, unamwomba. Na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa sheria hiyo! Jamaa mmoja wa Taveta aliwahi kuiba kichekesho cha mwenzetu kuhusu fundi wa simu, nikamsimamisha mbele ya wote. "Buda, hiyo ni jasho ya mtu," nikamwambia. Aliomba msamaha karibu alie. Nilijiona jaji.

Sasa sikilizeni jaji alivyofanya.

Nilikuwa na mchumba, Wakesho, mwalimu wa nasari, msichana wa Sagalla. Wazee wangu walikuwa wameshajipanga kupanda mlima kwenda kuongea na wazee wake. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na Sagalla nzima inamsifu kwa jambo moja: yeye ndiye huteka maji nyumbani kwake. Mwanamume mzima na mvi zake, anabeba mtungi begani kutoka kwa bomba mpaka kwake, kila siku. Wanawake wa huko huwasuta waume zao kwa jina lake.

Mama Wakesho hawezi kubeba, anachechemea. Alivunjika nyonga siku ndovu walipoingia kwa shamba la mahindi, alipoanguka akikimbia. Habari inayojulikana ni kwamba mzee alikimbia upande mwingine akipiga kelele, ili ndovu wamfuate yeye.

Siku moja Wakesho akaniambia ukweli, akilia. Baba yake alipougua na kudhani anakufa, alimwita peke yake akamwambia kwamba hakumvuta ndovu yeyote. Alimwona mkewe chini amezimia, akamruka, akaenda kujifungia kwa choo cha jirani mpaka kukawa kimya. Maji yale ni majuto.

Nilimwambia pole. Nilimpangusa machozi. Na Mungu anisamehe, huku nikimpangusa nilikuwa nishapata mwanzo na mwisho wa kichekesho! Ndio ugonjwa wetu. Siku hizi kila kitu ni kontenti. Hata matangani tunaenda tumetega sikio.

Jumamosi hiyo umati ulikuwa mgumu. Nikajaribu cha makondakta, kimya. Cha pasta na jenereta, kimya. Nikaona nakufa, na mwenye mkahawa ananitazama. Ndipo nikasema:

"Baba mkwe wangu mtarajiwa huko Sagalla anabeba maji kila siku. Akina mama, msimsifu! Yule anatumikia kifungo! Ndovu alikuja, mzee akamruka mke wake kama mtaro, akajifungia chooni. Hata ndovu alisimama akamuuliza mama, 'Pole sana, kwani huyu ni wako?'"

Niliua. Watu walipiga meza. Mama mmoja alimwaga soda kwa mapaja na hakujali. Wenzangu wakanikumbatia nyuma ya spika, na mmoja akaniuliza kwa heshima zote kama anaweza kukikopa akienda shoo Taveta. Nikakataa. Nikamwambia hicho ni changu. Changu!

Video ilipanda mlima kabla ya wazee wangu. Sikutaja jina, kweli, lakini Sagalla kuna wazee wangapi wanaobeba maji?

Nilienda kuomba msamaha. Mzee hakutoka ndani. Mama Wakesho alinikaribisha chini ya ukuta wa jikoni, akanipa kiti, akanipa hata chai. Nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima:

"Mama, nisamehe. Nilikosa sana kutangaza mambo ya nyumba yenu."

Akaniangalia, akaweka mwiko chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuwa najua."

Jamani! Miaka yote hiyo alikuwa akiamini kwamba mumewe alikuwa tayari kumfia. Kila mtungi ulioingia jikoni mwake aliupokea kama mapenzi. Ukweli aliupata kwa simu ya jirani, pamoja na vicheko vya watu wasiomjua. Nilitamani ardhi inimeze na kile kiti.

"Walicheka?" akaniuliza.

"Walicheka, mama."

"Sana?"

Akachukua kikombe changu kikiwa nusu, akaingia nacho ndani, na sikumwona tena. Nasikia mzee bado anabeba maji, ila siku hizi mama anayamimina pipani bila kusema asante.

Wakesho alipokea simu yangu mara moja tu. Sikumpata na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba haongei na mimi tena," akasema. "Aliniamini mimi, na mimi nikakuamini wewe. Siku ile nilidhani tuko wawili. Kumbe ulikuwa umekuja na watu wako wa mkahawa." Akakata. Wazee wangu hawakupanda mlima, na shangazi yangu hadi leo ananiuliza ile suti ya posa aifanyie nini.

Nampenda Wakesho. Nasema wazi kwa sababu sina pengine pa kulisemea.

Na kazi? Kazi ipo tele! Napigiwa simu kutoka Mwatate hadi Taveta, na wote wanataka ile ya maji. Nakataa. Lakini hapa ni mahali pa ungamo, kwa hivyo nitasema yote: waliponiomba mara ya kwanza, sikukataa. Na niliua tena.

Wachekeshaji wenzangu, tunalinda vichekesho vyetu kama kuku wa mayai, lakini wale tunaowavuna hatuwaombi ruhusa hata siku moja. Wizi ni wizi, hata ukipigiwa makofi.

Na wewe uliye na mpenzi mchekeshaji, kabla hujamwambia jambo la kwenu, kwanza muulize: Jumamosi umati ukinyamaza, na hili unalo, utafanyaje? Akisita kujibu, ongea naye habari za mvua.